Emisio za usiku za zamani za Marekani na wachekeshaji wake: nani bado anaziangaliaga?

mwana_kamalondo, Lubumbashi

Wandugu habari za jioni. Niko na swali moja yenye inanisumbua, naomba wenye kujua wanisaidie. Nimeanza kuangaliaga ku YouTube emisio za usiku za zamani za Marekani, sana sana ile ya Johnny Carson, The Tonight Show ya televizio NBC, na kusema kweli nimeshikwa. Kwa wenye hawaijui: bwana mmoja anakaa nyuma ya meza, pembeni yake kuna fotei na kanape ndefu, orkestra iko upande ule, wageni wanaingia mmoja mmoja wanaongea, na usiku mwingine rido inafunguka anatoka mchekeshaji, anasimama peke yake anachekesha watu dakika tano ama sita, basi. Hakuna moshi, hakuna mataa ya kuzunguka, hakuna mtu wa kukimbia huku na huku. Carson alikalia ile meza toka mwezi wa 10 1962 mpaka mwezi wa 5 1992, karibu miaka 30, mi wakati huo hata kuzaliwa sijazaliwa, Kiingereza nasikia nusu nusu, lakini nacheka mpaka watu wa nyumba wanatoka kuuliza kuko nini.

Sasa swali yangu njo hii. Emisio za leo za namna ile ile nazo ninaziangalia. Meza iko, fotei iko, picha ni safi kupita zamani, lakini hazinishiki, dakika mbili nafunga. Ni juu ya nini? Ni mimi tu nalilia zamani yenye hata sikuishi, ama kuna kitu kweli walikuwa nacho chenye sasa hakiko? Na swali ya pili: wale wachekeshaji wao, nianze na nani? Mpaka leo nimeangalia sana Rodney Dangerfield na Don Rickles. Dangerfield yule wa kushika-shika kravati, anatokwa jasho, analalamika hakuna mtu anamheshimu, hata mke wake, hata daktari wake, na Carson pembeni kazi yake ni kumuuliza tu afya iko namna gani halafu anamwachia njia. Huyo naweza kumwangalia mpaka asubuhi.

ruashi_njo_kwetu, Lubumbashi

Kaka, haiko wewe tu. Mi naangalia hizi vitu toka miaka ya nyuma na nitakujibu kwa urefu juu naipenda sana hii mambo.

Kitu chenye unatafuta ni ile fotei. Angalia vizuri mchekeshaji akimaliza. Watu wanapiga makofi, yeye anageuka kidogo kumwangalia Carson. Pale njo roho inasimama. Kama Carson amefurahi kiasi, anapiga makofi wanaenda kwenye matangazo ya biashara. Kama amefurahi zaidi anamfanyia alama na vidole, kidole gumba na cha shahada vimeshikana duara, maana yake umeweza. Na kama amefurahi kabisa anamwita na mkono, kuja ukae hapa. Ile ya kuitwa kwenye fotei mara ya kwanza tu walikuwa wanapata wachache sana, na wakati ule Marekani ilikuwa na televizio kubwa tatu tu, kwa hiyo mtu akiitwa pale nchi nzima imemuona usiku mmoja, kesho yake simu hailali.

Mfano, Freddie Prinze. Mwezi wa 12 1973, kijana wa miaka 19 kutoka New York, anatoka kwenye rido hakuna mtu anamjua. Carson akamwita. Mwaka wenye ulifuata alikuwa na feuilleton yake mwenyewe ku NBC. Steven Wright 1982, yule wa sauti ya chini mwenye hachekagi hata kidogo, alichekesha akaitwa, na kabla wiki haijaisha walimrudisha tena. Ellen DeGeneres 1986, mwanamke mchekeshaji wa kwanza kuitwa kwenye fotei siku yake ya kwanza. Drew Carey 1991, Carson alikuwa anacheka mpaka anajishika. Sasa wewe ukiangalia leo unajua vile maisha yao yaliendelea, lakini yeye pale amesimama hajui kitu, unaona mate inamkauka, unaona mikono haijui iende wapi. Leo mchekeshaji anafika ku televizio watu milioni wameshamuona kwenye simu, kwa hiyo anafika pale kuonyesha tu, hakuna chenye kinaamuliwa.

Kitu cha pili ni muda. Mwanzo emisio ya Carson ilikuwa dakika 105! Kisha ikawa saa moja na nusu, na ni 1980 njo ikakatwa ikabaki saa moja. Kwa hiyo kama unataka utamu wenyewe tafuta za miaka ya 70, zile za saa moja na nusu. Pale mgeni akimaliza kuongea haendi nyumbani, anasogea kwenye kanape anaacha nafasi kwa mwenye anafuata, na wote wanabaki. Mwisho unakuta mchezaji wa filamu, mwimbaji mzee, mwandishi wa vitabu na mchekeshaji wote wamekaa mstari mmoja, mmoja anaongea mambo ya maana mwingine anamwingilia, na Carson anawaachia. Vichekesho vikubwa vilitokea pale, na hakuna mtu aliviandika.

Na juu umetaja Rickles, tafuta ile ya sanduku ya sigara, 1976. Ku meza ya Carson kulikuwa kasanduku ka mbao ka kuwekea sigara, kamekaa pale miaka. Usiku mmoja Carson hakuwepo, mwingine amekaa mahali pake, Rickles akaja kama mgeni, akaivunja. Carson anarudi, anafungua emisio, anaona kifuniko kimevunjika, anauliza, wanamwambia ni Rickles. Sasa Rickles saa ile ile alikuwa studio ya jirani kule Burbank, anarekodi mchezo wake wenye alikuwa anacheza mkubwa wa wanajeshi wa maji. Carson akasimama, akaambia mtu wa kamera nifuate, wakatoka nje ya studio, wakapita korido, taa nyekundu ya kukataza watu imewaka, akaingia. Rickles amevaa uniforme ya kazi, yuko katikati ya maneno ya mchezo, anageuka anaona Carson na kasanduku mkononi. Yule mtu mwenye alikuwa anatukana dunia nzima, wafalme na maprezida, alikosa la kusema. Angalia sura yake pale, simamisha video, rudisha nyuma, angalia tena. Hakuna studio ya leo inaweza kukuruhusu kitu kama kile, kila dakika imeshauzwa.

mama_nguba, Bukavu

Mmesema vizuri bakaka zangu na mimi pia nazipenda sana zile emisio, mume wangu ananijua. Lakini nataka kuongeza upande mwingine juu watu wakikumbuka zamani wanakumbukaga tu wenye walipita mlangoni.

Ile fotei ilikuwa moja, na mwenye funguo alikuwa mmoja. Carson alipohamisha emisio kutoka New York kwenda Burbank 1972, wachekeshaji wa Marekani nzima walimfuata kule Los Angeles, kila mtu anatafuta aonekane. Kulikuwa kabare moja, Comedy Store, ilifunguliwa mwaka ule ule, wote wanaenda kuchekesha pale usiku wakisubiri watu wa televizio wawaone, na hawakuwa wanalipwa! Hata senti. Mhudumu wa bia analipwa, mchekeshaji mwenye analeta watu halipwi, eti kuonekana njo mshahara. Wengine walikuwa wanalala ndani ya magari. Mpaka 1979 wakagoma, wakasimama nje na mabango, na David Letterman, mwenye kisha alipata emisio yake ya usiku, alikuwa ndani ya wale wenye waliunga mkono mgomo, na mwisho wakaanza kupewa kitu kwa kila saa wanapanda jukwaani. Mi nikiangalia mchekeshaji wa miaka ile ametoka kwenye rido na kostimu mpya, najiuliza kwanza kama leo amekula.

Na wanawake. Joan Rivers aliingia pale 1965, Carson alimpenda, alimwambia mbele ya watu kwamba atakuwa mtu mkubwa, na alikuwa. Toka 1983 njo alikuwa anakalia kiti cha Carson kila mara akienda likizo. Lakini 1986 alipokubali kuwa na emisio yake mwenyewe ku televizio ingine, Fox, Carson akamkasirikia, hakumwongelesha tena mpaka alipokufa 2005. Miaka yote ile Joan hakuonekana tena kwenye Tonight Show, wakabadilika wenye meza, alirudi tu 2014 usiku wa kwanza wa Jimmy Fallon, na mwaka ule ule akafariki. Mi hiyo inaniuma kila nikiangalia zile video zao za zamani, juu wanacheka pamoja kama ndugu na dada, mtu na mdogo wake, na unajua chenye kinakuja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali yako ya pili: anza na Joan Rivers, zile zake za zamani. Angalia vile anaongea haraka, mkono unapiga kanape, hapumui. Kisha Roseanne Barr, 1985, amesimama pale anaongea mambo ya mume na watoto na sauti ya uchovu ya mama mwenye amemaliza kufua nguo za nyumba nzima. Mi nilicheka mpaka nikalia juu kila kitu chenye alisema nakijua.

birere_usiku, Goma

Nyie wote mnaongea Carson Carson, mi niko mtu wa Letterman na nitamtetea. Alianza ku NBC 1982, saa zenye Carson amemaliza, usiku wa manane kabisa, mgeni wake wa kwanza alikuwa Bill Murray. Kisha 1993 akaenda ku televizio ingine, CBS, mgeni wa kwanza tena Bill Murray. Akafunga 2015. Zile za miaka ya 80 njo tamu, juu hakuna mkubwa alikuwa anaangalia saa ile, alikuwa anafanya chenye anataka. Siku moja alivaa kostimu yote ya velkro akaruka kwenye trampolini akaenda kunata kwenye ukuta, amening'inia pale miguu haigusi chini na anaendelea kuongea. Fikiria mtu analipwa kwa ile kazi.

Lakini chenye kilinifanya nimpende Letterman si ile ya kuchekesha. Ni mambo ya Bill Hicks. Hicks alikuwa mchekeshaji mkali, alikuwa anagusa dini, siasa, matangazo ya biashara, hachagui. Mwezi wa 10 1993 alirekodi dakika zake kwa Letterman, watu walicheka studio nzima, amerudi hoteli wanamwambia wamekata yote, hawataionyesha hata kidogo. Alikuwa tayari na kansa wakati ule. Mwezi wa 2 1994 akafa, miaka 32. Sasa 2009, miaka 15 imepita, Letterman akamwita mama ya Hicks, mama mzee wa heshima, akamkalisha kwenye fotei, akamuomba msamaha mbele ya nchi nzima, akasema kosa ni langu mimi, kisha akaonyesha zile dakika zote bila kukata. Yule mama hakupiga kelele. Alimwambia tu vile ilimuuma mwanawe. Niambieni leo ni mkubwa gani wa televizio anafanya vile.

Na Norm Macdonald 2015, siku chache kabla Letterman hajafunga. Alichekesha, kisha akarudilia kichekesho kimoja cha Letterman mwenyewe, chenye alikisikia akiwa kijana kule Kanada, kisha sauti ikamkatika, akalia. Yule Norm mwenye hakuna mtu aliwahi kumuona na machozi. Iangalie ukiwa peke yako.

Kuhusu swali ya kwanza: sasa hivi hizi emisio zenyewe zinaisha. Mwezi wa 7 2025 CBS walitangaza kwamba The Late Show, ile ile ya Letterman yenye aliachia Stephen Colbert, inafungwa mwezi wa 5 2026, na walisema ni juu ya pesa. Watu hawakai tena mbele ya televizio saa tano ya usiku, wanangoja asubuhi wanaangalia dakika tatu kwenye simu. Na ukijua watu watakuangalia dakika tatu, unatengeneza kitu cha dakika tatu: mchezo, kuimba ndani ya gari, swali fupi. Mchekeshaji wa kujenga kichekesho pole pole, wa kunyamaza sekunde nne kabla ya neno la mwisho, anakosa mahali. Njo maana hazikushiki, kaka. Na si kosa ya wenye kukaa ku meza.

papa_katuba, Lubumbashi

Bana bangu, minasoma byote mwenye mulisema na nimefurahi sana. Lakini mbona hakuna mutu anataja ya kwetu? Miye nilikomea hapa Lubumbashi, na mbele ya kumujua huyo Carson wenu tulikuwa na Mufwankolo.

Mwana_kamalondo, wee unasema ulizaliwa nyuma, basi sikiliza. Ile groupe ya Mufwankolo balikuwa bacheza ku radio, kisha ku televizio ya hapa, mu Swahili yetu ya Lubumbashi, ile ya mu cité, hapana ya kitabu. Mukubwa wao njo watu walikuwa banamwita Mufwankolo. Saa yao ikifika, parcelle yenye televizio inajaa, batoto chini, bamama mu biti, baba ba kazi ba mugodi ba Gécamines bamesimama ku dirisha. Na habakuwa na maneno ya kuandika. Banasikilizana tu mambo iko namna gani, mwanzo ni huu, mwisho ni huu, kisha kila mutu anaongea yake. Bwana analewa mushahara yote, bibi anamungojea ku mulango. Mukwe anakuja kutembea anakatala kurudi kwao. Unacheka juu ni jirani yako, unajua hata jina.

Na bazungu balibaona mbele yetu siye. Johannes Fabian, profesa wa Amsterdam, alikuja hapa 1986, akakuta banatengeneza mucheze juu ya utawala, kama mamlaka inaliwa nzima ama inagawanywa, balienda kuicheza ku kijiji cha Kawama na televizio ikaionyesha, na yee akaandika kitabu kizima, kilitoka 1990. Mucheze ya mambo ya utawala, 1986, Mobutu akiwa Mobutu! Bacheshi benu ba Marekani balikuwa na televizio kubwa tatu, siye tulikuwa na moja, na mule mule Mufwankolo alipata mahali pa kusema.

Kwa hiyo ku swali yako, jibu yangu ni kwamba wee haulilie bure. Carson na Mufwankolo balikuwa na kitu kimoja: hakuna mutu alikuwa anabakimbiza. Mutu akinyamaza kwanza aangalie mwenzake, kamera inangojea.

ruashi_njo_kwetu

Papa asante sana, hii nilikuwa naingoja bila kujua. Niongeze kitu kimoja chenye kinanitisha. Za Carson za miaka kumi ya kwanza, zile za New York, karibu zote zimepotea. NBC walikuwa wanafuta kaseti wanarekodia vitu vingine juu kaseti ilikuwa bei kali. Kwa hiyo usiku mingi ya wachekeshaji wa miaka ya 60 haiko tena mahali popote, hata usiku wake wa kwanza picha haiko, sauti tu. Kisha wakajifunza, za nyuma walienda kuziweka chini ya ardhi kule Kansas, ndani ya mugodi ya chumvi, juu kule hakuna unyevu. Watu wa mugodi ya Katanga mnanielewa. Sasa za Mufwankolo ziko wapi? Nani aliziweka?

mama_nguba

Hilo swali njo linapaswa kuwa kichwa cha mazungumzo. Hapa Bukavu pia kulikuwa watu wenye walikuwa wanachekesha ku radio mpaka barabara inanyamaza, na sijawahi kukuta hata sauti moja.

mwana_kamalondo

Wandugu sijui niseme nini, mmenijibu kuliko chenye niliomba. Leo usiku naanza na sanduku ya sigara, kesho Joan Rivers, ile ya mama ya Hicks nitaiweka siku ya yenga, Jumapili, nikiwa na nafasi ya kuangalia vizuri. Papa Katuba, samahani nikuulize na heshima yote: weye mwenyewe uko na kaseti hata moja ya Mufwankolo, ama unajua mwenye yuko nayo? Mi niko tayari kutafuta namna ya kuziingiza ku ordinateri.

papa_katuba

Niko nazo mbili, VHS, mwanangu alizirekodi ku televizio zamani. Moja mvua iliigusa kidogo, sijui kama ingali inasema. Mashine ya kuisoma njo sina tena.

ruashi_njo_kwetu

Papa usiiweke kwenye mashine yoyote kwanza! Kama ina maji ama ukungu itakwama kichwa cha mashine na utepe utakatika. Iache mahali pakavu, isimamishe kama kitabu, usiiweke kwenye jua. Kuna fundi mmoja hapa Lubumbashi, komine ya Kenya, bado ana mashine ya VHS yenye kutembea na anajua kufungua kaseti kusafisha utepe. Nitaongea naye leo, siku ya posho, Jumamosi, tunapita kwako na mwana_kamalondo kama unatukubalia.

papa_katuba

Muje saa kumi. Bibi atapika bukari.